Foleni ya Angani

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza leo, siku mbili kabla ya tarehe waliyotutajia watu wa hali ya hewa. Na mimi naanza daftari hili, kwa amri. Mkufunzi wangu kasema mtu anayerudia mtihani aandike kila kosa lake kwa mkono wake, asije akazoea kuwaona wenzake ndio wenye makosa. Nilimwambia basi nitahitaji daftari nene. Hakucheka.

Tunamwita Pasi. Shati lake halina kunyanzi hata zamu inapokwisha, na akikugusa unaungua. Hakuna anayethubutu kumwita hivyo mbele yake, ila nadhani anajua.

Niweke mambo wazi, nikija kusoma baadaye nisijidanganye. Miaka minane nilikaa meza ya karatasi, napokea ratiba za safari na kuwapelekea wanaoongoza ndege. Mwaka jana nikachaguliwa kujifunza kazi yenyewe: kukaa mbele ya rada, kwenye chumba kisicho na dirisha chini ya mnara, kuzipokea ndege zinazokuja kutoka kila upande na kuzipanga mstari mmoja hadi kwenye njia ya kutua. Mwezi wa kumi na moja nilifanya mtihani wa vitendo, nikaanguka. Ndege ndogo ya mapangaboi ilitangulia, jeti ikaja nyuma yake. Aliyetangulia katangulia, nikaacha hivyo hivyo. Jeti ikawa inamfukuzia mwenzake, na baina yao palipotakiwa maili tatu zikabaki mbili na nusu. Mtahini akanisimamisha palepale.

Mtihani wa pili ni tarehe 20 Mei, na wa tatu haupo. Nikianguka narudi kwenye karatasi, na huko ndiko nitakakozeekea.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Ndege tisa, hakuna kosa. Binti yangu kapoteza buti moja la mvua, la kushoto, na anasema yeye hahusiki.

Jumanne, 17 Machi

Kila ndege ina kibao chake: kipande cha karatasi ndani ya kishikio cha plastiki, kimeandikwa jina lake, inatoka wapi, ni kubwa au ndogo. Vibao tunavipanga kwenye kichanja pembeni ya rada. Cha chini kabisa ndicho kinachotua kwanza. Ukibadili mpangilio unachomoa kibao, unakipandisha au unakishusha, basi.

Mimi nikishaweka sichomoi. Leo Pasi alikuwa amesimama nyuma yangu, akaninong'oneza kwamba hivi ni vibao, si misumari.

Kitabuni nalijua somo. Ndege kubwa inaacha nyuma yake hewa iliyovurugika, na ndogo ikiifuata karibu inaweza kupinduliwa. Kwa hiyo ndogo nyuma ya kubwa lazima ikae mbali, maili sita hivi. Ukiwa na foleni ya kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, unakula anga yote kwa nafasi tupu. Ukizikusanya ndogo zitangulie, kubwa zifuate, wote wanatua mapema, hata yule uliyemrudisha nyuma hapotezi sana. Hesabu hii anaielewa hata mume wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji.

Tatizo langu si hesabu, ni malezi. Baba alikuwa mtoa namba wa zahanati miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nikitoka shule nakaa kwenye benchi la ukumbini, nafanya masomo yangu huku namwangalia dirishani kwake, na kadi zake za bati zenye namba. Hakuna aliyempita mwenzake mbele ya Baba. Wakubwa wa mji walikuja, wakapewa namba, wakakaa na wengine. Nikakua nikijua haki ndiyo hiyo. Duka la mikate wananijua kwa sababu ya watu niliowarudisha nyuma ya mstari, na mume wangu kaapa hatafuatana nami tena benki.

Sasa rubani nimemwambia kwa kinywa changu kwamba yeye ni namba moja. Nianzie wapi kumwambia si namba moja tena?

Jumatano, 25 Machi

Nimempeleka Baba hospitali. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, la kulia ndilo baya zaidi. Akisoma gazeti analiweka karibu hadi wino unamganda puani. Watampasua tarehe 22 Aprili. Amepewa kadi, namba tatu.

Njia nzima alikuwa anaipapasa kadi ndani ya mfuko wa shati. Akasema maisha yake yote alikuwa anawagawia watu namba, leo zamu yake imefika. Alifurahi kama aliyepewa cheo.

Alhamisi, 2 Aprili

Naandika hili kabla sijavua viatu.

Saa nane mchana lilitokea wingu la radi upande wa mashariki, na wenzetu wa hali ya hewa wakasema litafika juu ya uwanja baada ya dakika ishirini na tano. Nilikuwa na ndege sita. Kwa jinsi zilivyokuja zilikuwa kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Yaani ule mfano wa kitabuni wenyewe, umenijia kwa miguu yake.

Pasi alisogea karibu, akaninong'oneza nizitangulize ndogo. Nilimsikia vizuri. Lakini rubani wa ile kubwa ya kwanza nilishamwambia yeye namba moja, naye alishanishukuru. Nikatazama vibao, mkono haukwenda. Nikajiambia dakika ishirini na tano ni nyingi.

Kubwa ikaingia. Nyuma yake nikaacha maili sita kwa ajili ya ndogo. Nyuma ya ndogo ikaja kubwa, kisha maili sita nyingine. Foleni ikarefuka hadi ukingoni mwa rada. Pasi alisema mara ya pili. Mara ya tatu hakusema na mimi, alichomeka vipokea sauti vyake akatamka neno moja tu, kwamba amechukua. Nikasogeza kiti.

Ameongoza vizuri kuliko nilivyowahi kuona, lakini nilikuwa nimeshazila dakika zote. Wanne walitua. Kisha mvua ikashuka, mnara ukapiga simu kwamba njia ya kutua imejaa maji na haionekani. Wawili wa mwisho waliachwa wanazunguka juu ya mawingu, mmoja juu ya mwenzake, nusu saa nzima. Mmoja wao alikuwa ndege ndogo ya abiria tisa, na kila rubani alipobonyeza redio nilisikia mtoto analia nyuma yake. Mafuta yalipofika kiwango cha kutochezea, wakaomba ruhusa waende uwanja mwingine, mwendo wa saa nzima. Redioni tunazungumza Kiingereza kikavu, hakuna nafasi ya hisia. Hata hivyo yule wa ndege ndogo alitutakia kazi njema, kwa upole kabisa. Bora angetukana.

Zamu ilipoisha Pasi alinisubiri kwenye korido.

"Ulikuwa unamlinda nani?"

"Aliyetangulia."

"Aliyetangulia ametua, yuko kwake anakunywa chai. Wawili wa mwisho wako wapi?"

 Akaniambia niende nyumbani nikaandike. Nimeandika.

Ijumaa, 3 Aprili

Sikwenda kazini, ni siku yangu ya mapumziko. Nimefua kila kitu ndani ya nyumba hii, na hakuna kilichokauka. Buti la kushoto nimelikuta nyuma ya tangi la maji. Lilikuwa na chura.

Jumatano, 8 Aprili

Pasi ananisalimia kama kawaida. Kawaida yake si nyingi.

Jumanne, 14 Aprili

Leo nimejua jambo ambalo ningepaswa kulijua zamani. Jamaa wa mnarani, yule mcheshi anayenipigia simu kuniuliza kama huko chini bado tunapumua, alishuka kunywa chai. Akaniuliza Pasi anaendeleaje na ile barua. Nikauliza barua gani. Akababaika, akataka kupotezea, nikamng'ang'ania.

Kumbe taarifa ya tarehe mbili ina jina moja tu. Mwanafunzi hana leseni, aliye nyuma yake ndiye mwenye leseni, na lolote litakalotokea ni lake. Pasi ameitwa juu mara mbili kujieleza kwa nini alichelewa kunipokonya redio. Ameandika kwamba alinipa muda kwa sababu aliamini ningebadili mwenyewe.

Nilirudi mbele ya rada nimejaa aibu hadi masikioni. Wiki mbili nilikuwa nakasirika kwamba aliniaibisha kwa kuchukua redio, kumbe mwenzangu alikuwa anabeba mzigo wangu kimya. Nilitaka kumwambia neno, akaniwahi, akasema kibao cha tatu kimekaa upande. Nikakinyoosha.

Jumatano, 22 Aprili

Siku ndefu. Nitaiandika yote.

Tulifika hospitali saa moja asubuhi, mimi na Baba, yeye kavaa shati jeupe na kadi mfukoni. Namba moja akaingia, namba mbili akaingia. Baba akaanza kujiweka sawa. Hapo wakaletwa watu wawili kutoka mlango wa dharura: fundi wa kuchomelea vyuma aliyeingiwa na kipande cha chuma jichoni, na msichana mdogo aliyechomwa jicho na ncha ya penseli. Nikajua kinachokuja. Nikakaza mkoba begani.

Muuguzi alitoka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu, akachutama ili uso wake uwe sawa na wa Baba. Akamweleza kwamba hao wawili hawawezi kusubiri, kwamba yeye sasa atakuwa wa tano, kwamba itakuwa kama saa nane au saa tisa mchana, na kwamba daktari hataondoka bila kumfanyia. Akamuuliza kama ataweza kukaa na njaa mpaka muda huo.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nikaanza, "Samahani dada, huyu mzee ana namba tatu—"

Baba alinivuta mkono wa gauni. "Kaa chini, mama."

Akamwambia muuguzi ataweza, akamshukuru. Muuguzi akaenda. Mimi nikakaa, nimefura. Nikamwambia Baba kwamba yeye hasa, mtu wa namba, hakupaswa kukubali.

"Unadhani zile namba zilikuwa za nini?" akaniuliza.

"Za haki, Baba."

"Zilikuwa za kunikumbusha nani bado. Haki ilikuwa kazi yangu, si ya bati."

Kisha akanieleza, taratibu, huku anakunjua na kukunja kitambaa chake. Kumbe alikuwa anahamisha zile kadi kila siku ya Mungu. Mtoto akija anawaka homa, anapanda. Mwanamke anayekaribia kujifungua, anapanda. Aliyekuja kubadilisha bandeji tu, anashuka. Nikamwambia haiwezekani, nilikaa pale benchini miaka yote ya shule, mbona sikuwahi kuona ugomvi hata siku moja.

"Hukuona kwa sababu nilikuwa natoka dirishani," alisema. "Namfuata ninayemrudisha nyuma, namwambia mwenyewe, kabla hajajionea. Namwambia kwa nini, na namwambia saa ngapi. Kusubiri watu wanakuweza, mama. Wasichokiweza ni kusahauliwa."

Hapo nikakumbuka. Nikamwona Baba akitoka chumbani kwake, anapita katikati ya mabenchi, anainama kwa huyu, anamshika bega yule. Mimi na akili zangu za kitoto nilidhani anasalimia watu. Miaka thelathini nimejivunia ukali wa mtu ambaye hakuwa mkali hata kidogo. Machozi yalinitoka, na kwa kuwa tulikuwa kliniki ya macho hakuna aliyeshangaa.

Aliingia saa nane na dakika hamsini, akatoka na kibandiko kikubwa na hamu ya wali. Mpasuaji kasema kazi imekwenda vizuri.

Jumatatu, 4 Mei

Nilimsimulia Pasi habari ya kadi. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake, kisha akasema tuanze kazi.

Leo nimebadili mpangilio mara saba ndani ya saa moja, hadi rubani mmoja akauliza kwa adabu kama huku chini tunacheza karata. Pasi akasema juzi nilikuwa msumari, leo nimekuwa uji. Akanitaka nibadili mara moja, mapema, na kwa sababu ninayoweza kuitamka. Nikikosa sababu ya kutamka, niache.

Jumatatu, 11 Mei

Ndege kumi na nne, mvua ya kutwa. Nimebadili mara mbili. Sababu zote mbili nilizitamka. Pasi alikaa kitini mwake muda wote, hakusimama nyuma yangu, na nilipogeuka nilimkuta anakata kucha.

Jumanne, 19 Mei

Kesho ndiyo kesho. Mume wangu kanipigia pasi shati langu mwenyewe, akaacha alama ya kahawia kwenye kola. Amesema ni ya bahati. Binti kapanga viatu vyote vya nyumba mstari mmoja mpaka mlangoni, akavitua kimoja kimoja. Makubadhi ya Baba yaliruhusiwa kutangulia kwa kuwa mwenyewe ni mgonjwa. Sikumfundisha mimi.

Jumatano, 20 Mei

Mtahini alikuwa mwanamume mrefu mwenye kalamu ya kubofya. Alikaa kulia kwangu, tik, tik. Pasi alikaa nyuma, mikono magotini. Siku ya mtihani haruhusiwi kusema kitu isipokuwa pawe na hatari.

Asubuhi ilianza vizuri kupita kiasi. Ndege saba zilikuja, zote zinatua kutoka magharibi, nikazipanga kwa utulivu. Wawili wa kwanza walikuwa wameshaunyooshea uwanja. Hapo simu ya mnara ikalia, na yule mcheshi hakutania: upepo umegeuka ghafla, mvua inasukuma kutoka upande wa pili. Hao wawili wataweza kutua. Wengine wote waje kutoka mashariki.

Maana yake ni kwamba mstari wangu wote uligeuka kichwa chini. Namba tatu, ndege kubwa iliyokuwa imebakiza maili chache, sasa ilikuwa mbali kuliko wote. Wa mwisho, ndege ndogo ya vifurushi iliyokuwa inajivuta kutoka mashariki, ghafla ilikuwa mlangoni.

Nilichomoa vibao vyote vitano kwenye kichanja nikavilaza mezani. Kalamu ya mtahini ikanyamaza. Najua alidhani nimechanganyikiwa. Mimi nilikuwa navitazama tu, vibao, si misumari, nikijiuliza nani bado.

Kabla ya kumgusa mtu mwingine, nilimwita rubani wa ile kubwa. Nilimwambia upepo umegeuka na tunabadili upande. Nilimwambia alikuwa wa tatu, na sasa, kati ya watano waliobaki, atakuwa wa tano. Nilimwambia atachelewa dakika kumi na nne, nikamuuliza kama mafuta yanamruhusu.

Nikaandika saa pembeni ya kibao chake.  

Akajibu kwamba yanamruhusu. Akaongeza, "Asanteni kwa kutuambia mapema."

Baada ya hapo mikono ilijua njia. Ndogo ya vifurushi ikageuka ikaingia kwanza. Nyuma yake nikaweka nyingine ndogo. Kisha, kama kuna mtu aliyenitegea, ikabaki ya mapangaboi mbele na jeti nyuma yake, ileile picha ya mwezi wa kumi na moja. Niliiona mapema. Nilimwita wa mapangaboi, nikamwambia kuna mwenye mbio nyuma yake na kwamba nampeleka nje kidogo apishe, dakika tatu tu. Akazungushwa kwa upana, jeti ikapita, naye akarudi kwenye mstari. Nikamwita wa jeti nikampunguza mwendo, asiikaribie ile ndogo iliyo mbele yake. Nafasi zikakaa, hakuna iliyoshuka chini ya kipimo. Ile kubwa ilitua ya mwisho, dakika ya kumi na tatu. Nilikuwa nimemdanganya kwa dakika moja, na nadhani atanisamehe.

Mtahini aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua kwa nini nilianza kumwita yule niliyemrudisha mwisho, wakati wengi huanza na aliye karibu na mlango. Nikamjibu kwamba aliye karibu anaona mwenyewe kinachotokea, na kwamba nililelewa na mtoa namba wa zahanati. Aliandika kitu kirefu. Kisha akanipa mkono na kusema nimefaulu.

Pasi alisimama, akanitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Shati lako limeungua," alisema. Akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akageuka. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Peke yako."

Nilikaa pale kwenye kiti hadi mwenye zamu iliyofuata akaniomba nimpishe.

Jumapili, 31 Mei

Siku ya nne bila mvua. Leo nilikuwa na mapumziko, Baba akaniomba nimpeleke akazione. Miaka yote hii amesikia habari za ndege zangu, na miaka ya mwisho akitazama mbali hakuwa anaona zaidi ya kivuli.

Tulisimama kwenye uzio mwisho wa njia ya kutua, mimi, Baba na binti, ambaye kavaa mabuti yote mawili ingawa ardhi imekauka. Jicho moja la Baba sasa ni jipya, la pili linasubiri mwezi wa nane, na lile jipya linaona mpaka rangi za mikia. Alikuwa anazihesabu kwa sauti zinavyokuja kwenye mstari, taa kwa taa, na binti anamkosoa.

Kisha akanyoosha kidole mbali, kushoto, ambako ndege kubwa ilikuwa imetoka kwenye mstari na inazunguka polepole.

"Yule pale. Amerudishwa nyuma?"

Nikamwambia ndiyo, inaonekana kuna ndogo mbili zimepishwa.

"Amekaa nani kwenye redio leo?"

"Pasi."

"Atakuwa amemwambia?"

"Amemwambia, Baba. Kabla hajaanza kugeuka."

"Basi hana neno," alisema Baba, na akaendelea kuhesabu.